Bondia Bora: Usihesabu Tu, Pima



Watu wakikaa barazani jioni hupenda kubishana juu ya michezo. Mmoja atasema timu hii ni bora. Mwingine atasema ile ndiyo bora. Katika mchezo wa ngumi ubishi huu ni wa miaka mingi. Watu huuliza: Ni bondia yupi aliye bora kuliko wote waliopata kupigana duniani?

Wengi hujibu kwa kutaja jina tu. Ukiwauliza sababu, hupandisha sauti. Lakini sauti kubwa si sababu. Mtu anayejua kusoma na kuhesabu anaweza kufanya vizuri zaidi. Anaweza kutazama hesabu, akauliza maswali, kisha akaamua mwenyewe. Katika somo hili tutafanya hivyo.

1. Hesabu zinasema nini?

Wafuatao ni mabondia wanne wa Marekani. Wote walipigana katika uzito wa juu. Wote walikuwa mabingwa wa dunia. Soma jedwali hili polepole.

| Jina | Alipigana mara | Alishinda | Alishindwa | Sare |
|---|---|---|---|---|
| Rocky Marciano | 49 | 49 | 0 | 0 |
| Muhammad Ali | 61 | 56 | 5 | 0 |
| George Foreman | 81 | 76 | 5 | 0 |
| Joe Frazier | 37 | 32 | 4 | 1 |

Je, jedwali linasema nani ni bora? Ukitazama haraka utajibu: Marciano. Yeye hakushindwa hata mara moja. Ukitafuta aliyeshinda mara nyingi zaidi, utajibu: Foreman. Alishinda mara 76.

Hata hivyo, watu wengi wanaoujua mchezo wa ngumi humtaja Muhammad Ali, ambaye alishindwa mara 5. Kwa nini? Je, hawajui kuhesabu?

Wanajua. Lakini fikiri juu ya mkulima anayepeleka pamba kwenye chama cha ushirika. Ana magunia 10. Jirani yake ana magunia 8. Je, karani anahesabu magunia tu, kisha analipa? La. Anaweka kila gunia kwenye mizani. Huenda magunia 8 yaliyoshindiliwa vizuri yakawa mazito kuliko magunia 10 yaliyolegea.

Ushindi wa bondia ni kama gunia. Kwanza tunahesabu. Kisha tunapima. Sasa tutazame vipimo vitano.

2. Kipimo cha kwanza: Alipigana na nani?

Kumshinda mtu dhaifu si sawa na kumshinda mtu hodari. Vilevile, kushindwa na mtu hodari si sawa na kushindwa na mtu dhaifu.

Tazama tena jina la Joe Frazier. Alishindwa mara 4. Mtu anayehesabu tu atasema Frazier ni wa mwisho kati ya wale wanne. Lakini ni nani waliomshinda? Mara 2 alishindwa na Foreman. Mara 2 alishindwa na Ali. Hakuna mtu mwingine aliyepata kumshinda katika maisha yake yote ya ngumi za kulipwa. Je, huyo ni bondia dhaifu?

Sasa mtazame Ali. Mwaka 1964 alikuwa kijana wa miaka 22. Wakati huo jina lake lilikuwa Cassius Clay. Alipambana na bingwa wa dunia, Sonny Liston, mtu aliyeogopwa sana. Watu wengi waliamini kwamba kijana huyo ataumizwa vibaya. Lakini kengele ya raundi ya 7 ilipolia, Liston alibaki amekaa kwenye kiti chake. Clay akawa bingwa. Muda mfupi baadaye akajulikana kwa jina la Muhammad Ali.

Baadaye Ali alipigana na Frazier mara 3. Alishindwa mara 1, akashinda mara 2. Alipigana na Ken Norton mara 3. Alishindwa mara 1, akashinda mara 2. Alipigana na Foreman na kumwangusha. Hawa wote walikuwa wakali, na wote waliishi wakati mmoja. Ali hakumkwepa hata mmoja wao.

Je, Marciano? Yeye alipigana na wale waliokuwako katika wakati wake, nao hawakuwa wabaya. Lakini baadhi yao umri ulikuwa umekwenda. Mwaka 1951 alimshinda Joe Louis, bingwa mashuhuri wa zamani. Wakati huo Louis alikuwa na umri wa miaka 37. Hilo si kosa la Marciano. Lakini mzani lazima uliseme.

3. Kipimo cha pili: Alifanya nini baada ya kushindwa?

Mtu ambaye hajaanguka hatujui kama anaweza kuinuka. Aliyeanguka ndiye tunayeweza kumwona.

Tarehe 8 Machi, 1971, Ali alipigana na Frazier katika mji wa New York. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyekuwa amemshinda yeyote kati yao. Walipigana raundi zote 15. Katika raundi ya mwisho Frazier alimpiga Ali ngumi ya kushoto, Ali akaanguka chini. Aliinuka, lakini alishindwa kwa pointi. Ali akarudi mazoezini. Mwaka 1974 walipigana tena, na Ali akashinda.

Mwaka 1973 Norton alimvunja Ali taya, na Ali akashindwa. Baada ya miezi sita walirudiana. Ali akashinda. Mwezi Februari, 1978, kijana Leon Spinks alimshinda Ali na kuchukua ubingwa. Mwezi Septemba mwaka huo huo, Ali akaurudisha. Hivyo akawa mtu wa kwanza kupata ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mara 3.

Foreman naye anafaa kutajwa hapa. Aliacha ngumi mwaka 1977, akawa mhubiri. Baada ya miaka 10 akarudi ulingoni, na watu wakamcheka. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 45, alimwangusha Michael Moorer na kuwa bingwa tena. Ilikuwa miaka 20 tangu aupoteze ubingwa huo.

4. Kipimo cha tatu: Alitumia akili?

Bondia mwenye nguvu anapiga. Bondia mwenye akili anamsoma mwenzake kwanza.

Pambano linaloonyesha jambo hili lilifanyika katika Afrika. Tarehe 30 Oktoba, 1974, Ali alipambana na Foreman mjini Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Pambano lilianza yapata saa 10 za usiku, ili watu wa Marekani waweze kulitazama jioni ya kwao.

Foreman alikuwa bingwa. Alikuwa na umri wa miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 na kushinda mara zote 40. Alimwangusha Frazier mara 6 katika raundi 2 tu. Norton naye hakupita raundi ya 2. Ali alikuwa na umri wa miaka 32, na miguu yake haikuwa myepesi kama zamani. Watu waliompenda walihofia maisha yake. Lakini wananchi wa Kinshasa walikuwa upande wake. Walipiga kelele kwa Kilingala, "Ali, boma ye!" Maana yake ni, "Ali, muue!"

Wengi walidhani Ali atakimbia kuzunguka ulingo. Hakufanya hivyo. Kuanzia raundi ya 2 aliegemea kamba. Aliukinga uso wake kwa mikono, akamwacha Foreman apige. Foreman alipiga kwa nguvu zake zote. Ngumi nyingi zilimpata Ali mikononi na mbavuni. Kamba zikayumba na kupunguza uzito wa ngumi hizo. Huku Ali alikuwa akimsemesha na kumchokoza ili azidi kupiga.

Hewa ya Kinshasa ilikuwa nzito yenye joto. Foreman hakuzoea mapambano marefu, kwani wapinzani wake walikuwa wakianguka mapema. Raundi baada ya raundi mikono yake ikawa mizito. Katika raundi ya 8 Ali alitoka kwenye kamba, akampiga ngumi kadhaa za haraka. Foreman akaanguka. Mwamuzi akahesabu mpaka mwisho.

Ali hakuwa na nguvu kuliko Foreman. Alikuwa amelijua jambo moja: nguvu zina mwisho. Akangoja ziishe.

5. Kipimo cha nne: Alipoteza nini?

Mwaka 1967 Marekani ilikuwa ikipigana vita katika Vietnam. Ali aliitwa kuingia jeshini. Alikataa. Alisema dini yake na dhamiri yake havimruhusu. Akanyang'anywa ubingwa na ruhusa ya kupigana. Mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Alikata rufani, kwa hiyo hakuingia gerezani. Mwaka 1971 mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliifuta hukumu hiyo.

Lakini alikaa nje ya ulingo zaidi ya miaka 3. Alikuwa na umri wa miaka 25 alipoondolewa, na miaka 28 aliporudi. Hiyo ndiyo miaka ambayo bondia huwa na nguvu na wepesi mwingi. Hatukuuona ubora wake wote.

Watu hawakubaliani juu ya kipimo hiki. Wengine husema jambo hilo ni la siasa na dini, si la ngumi. Wengine husema mtu aliyekubali kupoteza ubingwa, fedha na miaka yake kwa ajili ya anachoamini ana ukuu ambao hauonekani katika jedwali. Wewe unaonaje?

6. Kipimo cha tano: Alijua kuacha?

Hiki ni kipimo kigumu. Hapa mzani unageuka.

Rocky Marciano aliacha ngumi mwaka 1956. Alikuwa na umri wa miaka 32. Alikuwa bado bingwa. Alitoka ulingoni kwa miguu yake na akili yake timamu.

Ali naye alikuwa na umri wa miaka 32 alipomwangusha Foreman. Kama angeacha siku ile, jedwali lake lingesema: alipigana mara 47, alishinda mara 45, alishindwa mara 2. Lakini hakuacha. Alipigana mara 14 zaidi.

Moja ya hizo 14 ilikuwa tarehe 1 Oktoba, 1975, karibu na Manila, katika nchi ya Ufilipino. Alikutana na Frazier kwa mara ya tatu. Walipigana raundi 14 katika joto kali. Macho ya Frazier yalivimba hata akawa haoni vizuri. Bado alitaka kuendelea. Mwalimu wake, Eddie Futch, alimkataza kuinuka kwa raundi ya 15. Frazier alikasirika. Lakini mwalimu huyo alitazama maisha ya mtu, hakutazama ushindi. Ali alishinda, lakini yeye mwenyewe alikuwa amechoka vibaya.

Mwaka 1977 daktari wake, Ferdie Pacheco, alimshauri aache kabisa. Ali hakukubali. Daktari akaondoka.

Tarehe 2 Oktoba, 1980, Ali alipigana na Larry Holmes. Alikuwa na umri wa miaka 38. Holmes alimpiga atakavyo, na baada ya raundi ya 10 mwalimu wa Ali alisimamisha pambano. Mwezi Desemba, 1981, Ali alishindwa na Trevor Berbick katika visiwa vya Bahamas. Hilo lilikuwa pambano lake la mwisho.

Mwaka 1984 ilitangazwa kwamba Ali ana ugonjwa wa Parkinson. Ugonjwa huu hutetemesha mikono, hukaza mwili na kufanya maneno yatoke kwa shida. Madaktari wengi waliona kwamba ngumi nyingi za kichwani huenda zilichangia. Mtu ambaye maneno yake yalikuwa yakimtoka kama maji alifikia kusema kwa kunong'ona. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta. Mikono yake ilitetemeka mbele ya watu wa dunia nzima, naye hakuificha. Alifariki tarehe 3 Juni, 2016, akiwa na umri wa miaka 74.

Rudi sasa kwenye jedwali la mwanzo. Lina mahali pa kuandika ushindi. Lina mahali pa kuandika kushindwa. Je, lina mahali pa kuandika idadi ya ngumi alizopigwa mtu kichwani? Halina. Lakini mwili huziandika zote.

7. Na sisi je?

Mchezo wa ngumi upo Afrika Mashariki pia, na umeleta heshima. Mwaka 1988 Robert Wangila wa Kenya alipata medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki mjini Seoul. Katika pambano la mwisho alimwangusha mpinzani wake wa Ufaransa katika raundi ya 2. Kenya nzima ilishangilia. Baadaye Wangila akaingia katika ngumi za kulipwa. Mwezi Julai, 1994, alipigana mjini Las Vegas, akaumia kichwani, akafariki. Alikuwa bado kijana.

Huenda una mtoto, mdogo wako au jirani anayependa ngumi. Si lazima umkataze. Mchezo huu hufundisha nidhamu na kujitunza. Lakini ni wajibu wako kuyajua mambo haya:

(a) Mazoezi yafanywe mbele ya mwalimu anayejua kazi yake.

(b) Mpiganaji apimwe na daktari kabla ya pambano.

(c) Mpiganaji aliyepigwa kichwani atazamwe kwa makini. Akiumwa sana na kichwa, akitapika, akisinzia ovyo, akisahau mambo au akiona vitu viwiliviwili, apelekwe hospitali mara moja. Dalili hizi zinaweza kutokea hata baada ya saa kadhaa.

(d) Asirudi ulingoni mpaka daktari aruhusu.

(e) Mwalimu akisimamisha pambano, tusimzomee. Huenda ameokoa maisha ya mtu.

8. Tumejifunza nini?

Bondia bora hajulikani kwa hesabu moja. Tunauliza alipigana na nani, aliinukaje baada ya kuanguka, alitumia akili gani, alipoteza nini na alijua kuacha lini. Ali ni mzito sana katika vipimo vinne vya kwanza. Kwa sababu hiyo wengi humwita bora kuliko wote. Katika kipimo cha tano Marciano alimshinda, na Ali alilipa kwa afya yake zaidi ya miaka 30.

Mkisema Ali ni bora, semeni yote mawili. Sifa isiyotaja gharama ni nusu ya habari. Kijana anayesikia nusu hiyo tu anaweza kuingia ulingoni bila kujua anachonunua wala bei yake.

Na tabia hii ya kupima isiishie kwenye ngumi. Mtu akikuletea hesabu, iwe ya mavuno, ya fedha za chama au ya ahadi za viongozi, isome. Kisha uliza: Ni nini ambacho hakikuandikwa hapa?

MANENO YA KUJIFUNZA

Ulingo: mahali palipozungushiwa kamba ambapo mabondia hupigana.
Raundi: sehemu moja ya pambano. Huanza na kumalizika kwa kengele.
Kushinda kwa pointi: kushinda kwa hesabu ya waamuzi, bila mpinzani kushindwa kuendelea.
Sare: pambano lisilo na mshindi.
Mpinzani: mtu unayeshindana naye.
Kukata rufani: kuomba mahakama ya juu ipime tena hukumu.
Dhamiri: sauti ya ndani inayomwambia mtu jema na baya.

MASWALI

1. Rocky Marciano alishinda mara ngapi? Alishindwa mara ngapi?
2. Ni watu gani wawili tu waliomshinda Joe Frazier?
3. Kwa nini Ali aliegemea kamba kule Kinshasa?
4. Kwa nini Ali hakupigana kwa zaidi ya miaka 3?
5. Eddie Futch alifanya nini, na kwa nini?
6. Taja dalili tatu za mtu aliyeumia kichwani.

HESABU

1. Baada ya Kinshasa, Ali alikuwa ameshinda mara 45. Mwisho wa kazi yake alikuwa ameshinda mara 56. Alishinda mara ngapi baada ya Kinshasa?
2. Kati ya mapambano yake 14 ya mwisho, alishindwa mangapi?

JADILIANENI DARASANI

1. Ni nani aliye mkuu zaidi: asiyeshindwa kamwe, au aliyeshindwa akainuka? Kila mmoja atoe sababu.
2. Kama wewe ungekuwa ndugu yake Ali mwaka 1977, ungemwambia nini?
3. Taja kazi nyingine hapa kijijini ambayo mtu anaweza kusifiwa kwayo huku mwili wake ukiumia. Tufanye nini kumsaidia?